Chale wa Sarakasi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Neno

Swali: Nilisoma kwamba "machale waliwachekesha watoto" kwenye sarakasi. Mimi najua chale ni alama za wembe mwilini. Je, mwandishi alikosea?

Jibu: Hakukosea. Umbo hilo lina maana zaidi ya moja, na upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenganisha. Chale wa sarakasi, yaani mchekeshaji anayejipaka rangi usoni na kuvaa nguo zisizomkaa, ni mtu, kwa hiyo husemwa "chale huyu ameanguka" na "machale hawa wameanguka". Chale za wembe hazipokei ma- katika wingi: "chale hii imepona", "chale hizi zimepona". Kisha yapo machale ya mtu anayehisi hatari kabla haijamfika, nayo husemwa "yalimcheza". Ukiandika "walimcheza", msomaji atawaona watu wa sarakasi pale ulipokusudia wasiwasi wa moyoni. Nawasihi sana waandishi wasivipuuze viambishi hivi.

Swali: Je, chale ndiye mwanasarakasi?

Jibu: Mwanasarakasi ni jina pana linalomjumuisha pia anayeruka hewani na anayetembea juu ya kamba. Maonyesho ambayo Philip Astley, anayehesabiwa mwanzilishi wa sarakasi ya kisasa, aliyaanzisha London mwaka 1768 yalitegemea hasa wapanda farasi, na wachekeshaji waliongezwa baadaye ili kujaza nafasi kati ya mchezo mmoja na mwingine. Hata hivyo chale si mtu asiye na ustadi, kwa kuwa anayejifanya kuteleza kwenye kamba hana budi kwanza kujua kuitembea.

Swali: Nitumie mcheshi, mchekeshaji au chale?

Jibu: Mcheshi ni tabia, mchekeshaji ni kazi, na chale ni kazi pamoja na vazi lake.

Swali: Mwenzangu aliniita chale kikaoni. Ni tusi?

Jibu: Nje ya sarakasi, neno hili humshusha mtu hadhi, kwani hudokeza kwamba maneno yake hayastahili kuzingatiwa; aliyetaka kukusifu angesema "mcheshi". Mimi huona neno lenyewe linaonewa. Joseph Grimaldi, aliyezaliwa London mwaka 1778, alipendwa mno katika kazi ya uchekeshaji jukwaani hata jina lake la utani, Joey, likawa jina la kuwaitia machale kwa Kiingereza. Lakini mwenzako hakuwa akimzungumzia Grimaldi, na una haki ya kumwomba alifute neno lake.