Trekta ndogo na bela: hesabu kwanza

SWALI: Kaka, salamu kutoka Lare, Njoro. Nina ekari 6 za nyasi ya Boma Rhodes na trekta ya nguvu za farasi 30, isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), ambayo nilinunua kwa kulima na kuvuta mkokoteni. Msimu uliopita nilikata nyasi zikakauka vizuri, lakini mwenye bela, mashine ya kufunga nyasi kuwa beli, alikuwa na foleni ya wateja. Alifika siku ya sita, na mvua ilikuwa imefika siku ya nne. Karibu nusu ya nyasi iligeuka nyeusi. Sasa nimeonyeshwa bela ya mtumba, ile ya beli za mraba. Muuzaji anasema mradi trekta ina PTO, ule mhimili wa nyuma unaozungusha mashine, itaiendesha. Shamba langu linateremka upande wa mtoni. Ninunue?
Mfugaji, Lare

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nyasi iliyokauka ikanyeshewa huuma kuliko ile iliyokosa kuota, maana kazi yote umeshaifanya. Lakini usimpe huyo muuzaji hata arbuni kabla hatujapiga hesabu.

Farasi 30 zilizoandikwa kwenye boneti ni za injini. Nguvu ikipita kwenye giaboksi hadi PTO, hesabu kwamba zimebaki kama 26. Kisha kuna jambo ambalo sijasikia muuzaji akilitaja: urefu wa mahali unapoishi. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Pale Egerton, Njoro, uko kama mita 2,200. Zaidi ya moja ya tano ya nguvu imekwenda. Kwa hiyo bela yako itapata farasi 20 hivi, na bela nyingi za mraba za kawaida huhitaji si chini ya 35 kwenye PTO. Hata Massey Ferguson 135, ambayo injini yake ina farasi 45 au zaidi kidogo, huku kwetu juu inafanya kazi hiyo kwa kujikaza.

Nguvu nayo ni nusu ya habari. Ndani ya bela ya mraba kuna pistoni inayoshindilia nyasi mara 80 hadi 100 kwa dakika, na kila pigo linarudi kwenye trekta. Bela yenyewe ina uzito wa tani moja na zaidi, na trekta ya farasi 30 mara nyingi haina uzito wa kuizidi. Kwenye tambarare utatikisika tu. Kwenye mteremko wako wa mtoni, bela ndiyo itakayoamua mwende wapi.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Nilipoanza kufunga nyasi kwa kukodishwa, nilikuwa na trekta ndogo ya klachi moja, ile inayotumika kwa magurudumu na PTO pamoja, na bela ya mraba ya mtumba. Siku moja nikiwa kule Bahati, Nakuru, kwenye mteremko mdogo kuliko wako, nilikanyaga klachi ili nisimame. Trekta haikusimama. Flaiwili ya bela, chuma kizito kilichokuwa kimeshika kasi, iliendelea kuzungusha PTO, na PTO ikazungusha magurudumu. Nilikwenda mbele huku mguu wangu uko kwenye klachi, nikavunja nguzo mbili za fensi kabla breki hazijashika. Kijana aliyekuwa akiokota beli alikuwa ameondoka pale dakika moja tu kabla. Mpaka leo nikifika shamba lolote huuliza kwanza kama shafti ya PTO ina kifaa cha kuachia, kile kinachoruhusu bela izunguke bila kuisukuma trekta. Usikubali kufanya kazi bila hicho.

Trekta ya klachi moja ina tabu nyingine. Ukifika penye nyasi nene unataka kupunguza mwendo huku bela ikiendelea kwa mizunguko yake 540 kwa dakika. Ukikanyaga klachi, nguvu ya injini inakatika kwa vyote viwili, nyasi inakwama mdomoni, unashuka kuichomoa kwa mikono. Zima injini kabla hujagusa chochote. Kila mara.

Kwa trekta yako ningetafuta bela ndogo ya duara. Zipo zinazotengenezwa kwa trekta za farasi 18 hadi 30, zenye uzito wa kilo 400 hivi, na hutoa beli ambayo mtu mmoja anaibeba. Hazina pistoni, nyasi huviringishwa tu, kwa hiyo trekta haipigwi. Omba kitabu cha mashine usome nguvu inayotakiwa kwenye PTO, kisha uilinganishe na zile 20 zako. Chukua iliyo ndogo kabisa, na safu za nyasi uzireki ziwe nyembamba. Ina kasoro zake. Utasimama kila beli ifungwe uzi, na beli za duara huacha nafasi nyingi zikipangwa kwenye kanta, kwa hiyo waulize wanunuzi wako mapema kama watazichukua, na ununue mizani muuziane kwa kilo. Upande wa mtoni, geuza trekta iwe imekingama mteremko kabla hujafungua mlango wa nyuma, la sivyo beli itaviringika hadi majini.

Ila kwa ekari 6 peke yake, nakwambia kwa moyo mweupe, sioni bela yoyote ikijilipa haraka, labda majirani wakubali kukukodisha. Msimu huu tengeneza masanduku mawili ya mbao, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45, yaliyo wazi juu na chini. Tandaza uzi, jaza nyasi, kanyaga kwa miguu, funga. Sanduku likishindiliwa vizuri hutoa beli ya kilo 20 hivi, na hutamsubiri mtu siku ya sita.

SWALI: Bolti ya flaiwili kwenye bela yangu ya mraba inakatika karibu kila siku. Fundi ameniwekea bolti ngumu zaidi na sasa haikatiki. Ni sawa?
Msomaji, Rongai

JIBU: Itoe leo, ndugu yangu, kabla hujawasha tena. Hiyo bolti imewekwa ili ikatike yenyewe kabla giaboksi au pistoni haijavunjika. Rudisha ya ugumu ulioandikwa kwenye kitabu. Kisha tafuta kwa nini inakatika: angalia visu vya pistoni kama ni butu, uangalie kama sindano za uzi zinachelewa kutoka njiani, na uone kama unailisha nyasi nene kupita kiasi. Mimi ningeanza na visu.