Mnara wa dadu usiokwama wala kuharibu podikasti

Msomaji mmoja wa Likoni, Mombasa, ametuma ujumbe na picha. Mnara wake wa dadu, yaani kisanduku unachotilia dadu kwa juu zikagonga vibao vya ndani na kutokea chini, ni mrefu, umepakwa rangi ukapendeza, na una vidirisha kama vya nyumba za Mji wa Kale. Lakini dadu zinakwama ndani, zinazofanikiwa kutoka zinatoka na namba ileile iliyokuwa juu zilipoingia, na kwenye podikasti anayorekodi na wenzake kila mrusho unasikika kama misumari inayomwagwa kwenye debe. Anauliza abadilishe dadu au anunue maiki mpya.

Asibadilishe chochote kwanza. Kasoro iko kwenye vipimo vya ndani, na ndiyo kasoro ya karibu kila mnara unaotengenezwa kwa kutazama picha ya mwenzio. Watu wanahangaika na sura ya nje, wanamaliza rangi mkebe mzima, na hakuna hata mmoja aliyeshika rula akapima mwanya wa ndani.

Kifaa hiki hakikuvumbuliwa jana. Kuna mnara wa dadu wa Kirumi wa karne ya 4 uliopatikana Vettweiß-Froitzheim nchini Ujerumani, sasa umo kwenye makumbusho mjini Bonn. Ndani una vibao vitatu vya mteremko na chini una vingazi vidogo vya dadu kushukia. Maandishi yake yanawatangazia wachezaji kwamba Wapikti, watu wa kaskazini mwa Britania waliopigana na Warumi, wameshindwa, adui ameangamizwa, basi chezeni bila wasiwasi. Kazi yake ilikuwa kuutoa mkono wa mtu kwenye mchezo, na kila aliyecheza Ludo barazani anajua kwa nini. Ugomvi huanzia kwenye mkono: fulani hakuitikisa, fulani kaitelezesha tu.

Kabla ya kukata chochote, pima dadu yako. Dadu ya kawaida ya michezo ya mezani ina milimita 16 kila upande. Kinachokwamisha ni ulalo wake, yaani kutoka pembe moja hadi pembe ya mbali kabisa kupitia katikati. Zidisha upande kwa 1.73, utapata karibu milimita 28. Mwanya wowote ndani ya mnara ulio chini ya hapo utaikamata dadu siku moja, hata kama imepita mara hamsini. Na ukirusha dadu kadhaa pamoja, mwanya wa 28 hautoshi, maana dadu mbili zikikaa ubavu kwa ubavu zinachukua 32 na kujifungia kama tao la mlango. Lenga 38. Ukivika kitambaa na kuhesabu unene wa mbao, bado utabaki na 35 hivi.

Hivi ndivyo vipimo vinavyofanya kazi kwa plaiwudi ya milimita 3, vyote kwa milimita. Pande mbili za ubavuni, kila moja 86 kwa 280. Mgongo, 70 kwa 280. Uso wa mbele, 70 kwa 215, kwa sababu 65 za chini ndiyo mlango wa kutokea. Vibao vitatu vya ndani, 70 kwa 59. Mteremko wa mwisho, 70 kwa 100. Mgongo na uso vinaingia katikati ya zile mbavu mbili, ndiyo maana mbavu zina 86: themanini za nafasi ya ndani, na tatu tatu za unene wa mbao mbele na nyuma.

Sasa mahali pa kuvibandika, ukipima kutoka sakafu ya mnara. Mteremko wa mwisho unaanzia mgongoni kwenye 60 na kushuka hadi sakafuni mbele. Kupanda ni 60, kwenda mbele ni 80, urefu ni 100; fundi seremala yeyote ataitambua hiyo tatu-nne-tano bila kipimapembe. Kibao cha chini kinatokea kwenye uso wa mbele, kwenye 125. Cha kati kinatokea mgongoni, kwenye 185. Cha juu kinatokea tena mbele, kwenye 245. Vyote vitatu vinainama nyuzi 45, na ncha ya kila kimoja inafika milimita 42 kutoka ukuta wake, hivyo inabaki 38 hadi ukuta wa pili.

Angalia hapo kwenye uso wa mbele, maana ndipo wengi wanapoharibu. Uso unaanzia juu ya mlango, kwa hiyo 125 kutoka sakafuni ni 60 tu kutoka ukingo wa chini wa uso, na 245 ni 180. Ukipima kutoka ukingo wa ubao badala ya sakafu, vibao vya mbele vitapanda kwa milimita 65 na mpangilio mzima utavunjika. Chora mistari yote upande wa ndani wa mbavu mbili kwanza, zikiwa zimelala mezani pamoja, ndipo ubandike.

Kwa nini ncha ifike 42 na si 40? Kwa sababu nusu ya 80 ni 40, na ncha zikiishia katikati kabisa, kosa dogo la kukata linatosha kufungua njia iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Kadiri njia hiyo inavyopanuka, ndivyo dadu inavyoweza kushuka kama jiwe kisimani na kutua na uso ulioingia nao. Zile milimita mbili za ziada kila upande zinafunika njia. Na kwa nini vibao viachane kwa 60? Dadu ikiteleza tu juu ya ubao haigeuki. Kinachoigeuza ni kuanguka kutoka ncha moja na kugonga ubao wa chini kwa pembe. Minara iliyojazwa vibao sita au saba vilivyobanana huonekana ya kitaalamu, lakini ndani dadu inashuka taratibu kama abiria kwenye ngazi, uso wake hauguswi. Vibao vitatu na mteremko vinatosha kabisa. Wanaotaka mnara wa nusu mita wanataka pambo la sebule.

Kuhusu dadu za nyuso 20, zile za milimita 20 hadi 22, mnara huu unazipitisha moja moja bila shida. Zikiwa mbili kwa mpigo, ongeza kina cha ndani hadi 95 na upige upya hesabu ya vibao: ncha ipite nusu ya kina kwa milimita mbili au tatu, na urefu wa kibao ni huo mfiko mara 1.41. Umbali kati ya vibao nao uongezwe hadi 70.

Malighafi ya Mombasa ina masharti yake. Kadibodi ya boksi ni nzuri kwa kujaribu vipimo, lakini masika yakiingia italegea na vibao vitainama. Ubao wa MDF hunyonya unyevu na kuvimba kingoni. Plaiwudi ndiyo dawa, na seremala yeyote wa mtaani atakuwa na vipande vilivyobaki ambavyo hana kazi navyo. Misumari midogo ya chuma achana nayo, hewa ya bahari itaiotesha kutu na kuacha madoa. Gundi ya mbao inatosha. Ipe saa 24 kukauka, na wakati wa mvua ipe siku mbili. Paka vanishi upande wa nje tu. Ndani, vanishi inageuza vibao kuwa utelezi, na utelezi ndio tunaoukimbia.

Wapo wanaotumia paipu nyeupe ya plastiki ya inchi 4 yenye vijiti vilivyopitishwa. Inageuza dadu vizuri, haiogopi maji, na ina kelele za kutisha. Kwa anayerekodi, isahau.

Vibao vivishwe felti nyembamba au bahameli. Maduka ya vitambaa ya Biashara Street yatakukatia kipande kidogo. Kata kitambaa kirefu kuliko kibao kwa sentimita moja na nusu, ukizungushe kwenye ncha na kukibandika chini yake. Hili si urembo. Kitambaa kikiishia juu ya ncha, baada ya muda kinanyanyuka uzi mmoja mmoja, na pembe ya dadu inanasa pale pale. Ukiona dadu inasita sekunde moja kabla ya kutoka, chungulia kwa tochi, utakuta huo uzi. Gundi ipakwe nyembamba sana: ikiloweka kitambaa hukauka ngumu kama sandpepa, na kwenye unyevu wetu hushika ukungu.

Ubavu wa mwisho usiubandike. Ufunge kwa tepu ya karatasi kwanza, ujaribu, urekebishe, ndipo ugundishe. Ukipata kipande cha plastiki angavu, kitumie badala ya huo ubavu wakati wa majaribio, uone kwa macho dadu inapotua.

Jaribio lenyewe lina utaratibu. Chukua dadu moja, iingize kila mara ikiwa na sita juu, mara 120, na uandike kila jibu. Kuanza na sita kila mara ndiko kunakoonyesha kama mnara unaifanya dadu isahau ilivyoingia. Kila namba inategemewa kutokea mara 20. Usishtuke ukipata 14 au 26, hiyo ni bahati ya kawaida. Toa 20 kwenye kila hesabu, zidisha tofauti kwa yenyewe, ujumlishe zote sita. Jumla ikizidi 221, kuna jambo. Rudia tena mara 120, na ikizidi tena basi vibao vyako vinatelezesha au dadu yenyewe imelala upande.

Dadu inayolala upande unaipima kwa chumvi. Robo lita ya maji ya uvuguvugu na gramu 90 za chumvi, koroga hadi iyeyuke, itie dadu na uizungushe kwa kidole mara kadhaa. Ikielea na kuleta uso mmoja juu kila mara, ina uzito upande wa pili. Maji ya bahari hayafai kwa kazi hii, chumvi yake ni kidogo mno na dadu itazama tu. Zipo dadu za plastiki nzito zinazozama hata kwenye maji hayo ya chumvi nyingi. Hizo zipimeni kwa yale majaribio 120.

Mbele ya mnara weka trei ya sentimita 20 kwa 25 yenye kingo za sentimita 3. Sinia la bati linafaa likivikwa kitambaa chote, pamoja na kingo. Dadu iliyoegemea ukingo irushwe upya, na sheria hiyo semeni kabla ya mchezo, si wakati mtu anahitaji sita ya kutolea kete.

Haya, kwenye sauti. Wengi wetu tunaocheza michezo ya mezani tuna ndoto ya podikasti, na si ndoto ya ajabu: Tom Vasel alipoanzisha The Dice Tower, podikasti ya michezo ya mezani, mwaka 2005 alikuwa akiishi Korea Kusini, mbali na vyumba vya utangazaji vya kwao Marekani. Lakini msikilizaji hana macho. Anachopata ni sauti, na kelele ya dadu ikifunika maneno anazima.

Kelele hiyo inafika kwenye maiki kwa njia mbili. Ya kwanza ni meza. Mnara ni kisanduku kitupu cha mbao, kila pigo linatetemesha meza, na mtetemo unapanda kwenye mguu wa maiki. Weka mnara juu ya leso iliyokunjwa mara nne au taulo, na maiki iwe kwenye stendi inayosimama sakafuni. Hili peke yake linamaliza nusu ya tatizo, na stendi ni rahisi kuliko maiki mpya.

Njia ya pili ni hewa. Maiki nyingi za kusemea husikia mbele na kuziba masikio nyuma, basi mnara ukae nyuma ya maiki kabisa, si ubavuni. Mdomo uwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki, mnara uwe mita moja au zaidi. Kila ukiuzidisha umbali mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja inashuka kwa karibu desibeli 6. Mchezaji anayependa kukumbatia mnara kifuani ahamishwe, hata akinuna.

Usitegemee ile programu ya kukata kelele kiotomatiki. Inafunguka inaposikia sauti kubwa, na pigo la dadu ni sauti kubwa, kwa hiyo inaruhusu dadu na kumeza mwanzo wa neno la mtu anayenong'ona. Rekodi kila maiki kwenye mkondo wake, na kwenye uhariri shusha mikondo ya wasiozungumza dadu zinapoanguka. Acha mlio mmoja au miwili kwa kipindi, pale penye mrusho wa maana, ili msikilizaji awe mezani nanyi. Mlio wa thelathini hauna raha yoyote.

Nyumba za mawe zenye dari ndefu zinarudisha mwangwi. Tundika mablanketi au leso kwenye kuta mbili zinazotazamana. Feni ni mtihani, hasa wakati wa kaskazi, joto likiwa kali. Rekodini vipande vya dakika 20 feni ikiwa imezimwa, kisha iwasheni mpumzike. Pangeni mianzo baada ya adhana, si kabla yake, maana kipande kilichokatwa katikati ya maelezo ya sheria za mchezo hakiungiki vizuri.

Unaporekodi, sauti za watu zicheze karibu na desibeli -12, mrusho wa dadu usiguse 0. Ukisawazisha kwa kutazama kilele cha juu peke yake, pigo moja la dadu litafanya programu iamini kipindi kizima kina sauti ya kutosha, na mazungumzo yatabaki chini. Bana vilele vya dadu kwanza kwa limita, yaani zana ya programu inayozuia sauti isipite kiwango, ndipo upandishe yote hadi LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kisha sikiliza dakika tano kwa spika ya simu ukiwa jikoni maji yanamwagika. Usiposikia kila neno, rudi kwenye mikondo uishushe tena pale dadu zinapoanguka.