Nyutroni inavyohama kiini hadi kiini: najibu maswali yenu

Juzi niligusia kwamba viini vyepesi vya atomu vikipita karibu karibu vinaweza kuporana nyutroni, basi inbox ikajaa. Nachukua manne.

Mwalimu, inahamaje kama viini vyenyewe vinasukumana?

Vinavyosukumana ni protoni, mdogo wangu, nyutroni haina chaji kwa hiyo haisukumwi na mtu. Chukua deuteroni, kiini cha haidrojeni nzito, ni protoni moja na nyutroni moja zimeshikana kwa MeV 2.2 tu (MeV ni kipimo cha nishati ya viini), yaani kushikana kwa vidole, maana kwenye viini vingi wastani ni kama MeV 8 kwa kila protoni au nyutroni. Sasa ona daladala inapita kituoni haisimami, abiria anaruka, konda anaendelea na safari. Abiria ndo nyutroni, konda ndo protoni. Wanafizikia Oppenheimer na Phillips walieleza 1935 kwamba deuteroni ikisogelea kiini, protoni inabanwa nyuma na nyutroni inatangulia mlangoni. Ndio, Oppenheimer yuleyule wa bomu.

Tupe hesabu basi, maneno matupu hatutaki.

Haya. Deuteroni mbili zinakutana, moja inampora mwenzie nyutroni inakuwa tritoni (protoni moja, nyutroni mbili, ndo kiini cha tritiamu), aliyeporwa anabaki protoni mtupu. Kuing'oa nyutroni kwenye deuteroni unalipa MeV 2.225, ikiingia kwenye tritoni inashikwa kwa 6.257, toa hapo chenji ni MeV 4.03. Chenji yote inakuwa mwendo: protoni inaondoka na 3.02, tritoni iliyo nzito mara tatu inaambulia 1.01. Oliphant, Harteck na Rutherford walilifanya hili Cambridge mwaka 1934 na ndo tritiamu ikajulikana. (Si kila mara lakini, karibu nusu ya mara inahama protoni na unapata heliamu-3; hiyo namba ni jumla ya protoni na nyutroni.)

Mnajuaje nyutroni imekaa wapi wakati haionekani?

Unamwangalia konda, yaani protoni! Hili ndo nalipenda kuliko yote. Pembe ambayo protoni inatokea inakwambia nyutroni imeingia na mzunguko kiasi gani. Piga oksijeni-16 kwa deuteroni upate oksijeni-17: nyutroni ikikaa kwenye hali ya nishati ya chini kabisa protoni zinajaa zaidi pembeni, ikikaa hali inayofuata, MeV 0.87 juu yake, zinarundikana mbele kabisa. Hesabu za hizo pembe alizitoa Stuart Butler, Mwaustralia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo watu wanachora grafu zilezile.

Kuna kiini kinachoachia nyutroni kirahisi kuliko deuteroni?

Kipo. Beriliamu-11 nyutroni yake ya mwisho imeshikwa kwa MeV 0.5 tu, halafu kuna lithiamu-11 ambayo nyutroni zake mbili zinaelea mbali na kiini kama moshi juu ya jiko la mkaa, mwanafizikia Tanihata na wenzake waliupima huo ukubwa wa ajabu Berkeley mwaka 1985. Shida nusu-maisha ya lithiamu-11, muda wa nusu yake kuoza, haifiki milisekunde 9, huwezi kuiweka mezani ukairushia kitu. Kwa hiyo unairusha yenyewe. Kule TRIUMF, maabara ya fizikia ya viini Vancouver, Kanada, waliitupia kwenye haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni tu, protoni iliyokuwa imetulia zake ikazoa nyutroni zote mbili ikawa tritoni, ikabaki lithiamu-9. Yaani safari hii abiria wawili wameruka, na aliyewadaka ni konda aliyekuwa amesimama kituoni.