Zama za dhahabu za muziki zimepita?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mzee wangu kila redio ikiwaka anasema muziki ulikwisha na zama za dhahabu, miaka ya 60 na 70, eti sisi tunapiga kelele tu. Ni kweli? (Msomaji, Chamwino)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mzee ana hoja, maana enzi hizo bendi nyingi zilikuwa za mashirika, NUTA Jazz kwa mfano ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki ana mshahara, vyombo anapewa, Radio Tanzania inamrekodi, hapo mtu si anatulia anatunga! Ila nyimbo za enzi hizo tunazosikia leo ni zile nzuri zilizobaki, mbovu zilishasahaulika. Halafu Hukwe Zawose, Mgogo wa hukuhuku Dodoma, aliipeleka ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi mpaka Ulaya na kafariki 2003, sasa hizo zama ziliisha lini? Nenda vijijini uone kina mama wanavyopiga muheme, ngoma wameibana mapajani, mikono huioni kwa kasi. Kama mzee anajua zeze kaa naye akufundishe, hilo ndo linaloniuma mimi, wanaojua kulichonga wanazeeka na vijana hatuwafuati.