Sindano ya mgongo si ya kuogopa kama mtori wa alfajiri

Mkuu, pole na kuuguza. Umeuliza kama mkubali mzee achomwe sindano ya mgongo kwenye operesheni ya tezi dume, au mng'ang'anie nusu kaputi kwa kuwa baba mdogo kasema sindano hiyo inapoozesha. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Moshi, na ndugu wanaoshuka kutoka Marangu na Rombo huniuliza hivyo hivyo.

Kwa mtu mzima, uti wa mgongo wenyewe, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, huishia juu kidogo ya kiuno. Sindano inachomwa chini ya hapo, penye maji na nyuzi za neva tu. Miguu inakufa ganzi kwa masaa mawili matatu, halafu inarudi. Madhara ya kudumu yapo, ila ni nadra sana. Angekuwa baba yangu ningechagua mgongo. Tezi ikitolewa kupitia njia ya mkojo, maji ya kusafishia yanaweza kuingia kwenye damu kupita kiasi. Mgonjwa aliye macho ataanza kuhangaika au kuchanganya maneno, na daktari atashtuka mapema. Aliyelala hasemi kitu.

Nusu kaputi ina mahali pake: kifua, kichwa, tumbo la juu, au pale ganzi ya mgongo isipofaa. Jipu au kinyama kidogo kinatosha ganzi ya hapo hapo. Daktari wa usingizi akimpima ndiye atakayeamua pamoja na mzee. Si baba mdogo.

Kinachonitia hofu mimi ni chakula. Tunamwambia mgonjwa asile, halafu alfajiri shangazi anaingia na chupa ya mtori, "apate nguvu ya kisu". Mtori una nyama na mafuta, uhesabu masaa 8 kabla. Uji na chai ya maziwa masaa 6. Maji matupu au chai ya rangi masaa 2, na hayo ni kama wodi haijasema vingine. Msijidanganye kwamba ganzi ya mgongo haihitaji kufunga: isiposhika vizuri, analazwa usingizi pale pale, na chakula kilichoko tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Kama amekula, semeni. Kuahirishwa si aibu.

Semeni pia kuhusu mbege, pombe yetu ya ndizi. Mzee anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kuweweseka baada ya siku mbili tatu, na ninyi mtadhani ni dawa ya usingizi au karogwa. Tukijua mapema tunajipanga. Dawa za miti shamba nazo zitajwe, pamoja na za presha na kisukari. Zipi anywe asubuhi ile na zipi aache, aulizwe daktari wa usingizi. Meno ya bandia yavuliwe.

Akirudi wodini tutampima presha na mapigo mara kwa mara, maana ganzi ya mgongo huishusha. Msimkalishe ghafla ili asalimie wageni. Akitetemeka, blanketi. Chupa ya maji ya moto miguuni HAPANA, hata kama ni Julai na baridi inauma: miguu yenye ganzi haisikii moto, na nimefunga vidonda vya aina hiyo. Mpira wa mkojo atakuwa nao kwa vyovyote, na mkojo wa rangi ya damu hafifu siku za mwanzo ni kawaida; mabonge, au mpira ukiacha kutoa, mwite muuguzi.

Halafu kuna kichwa. Kikiuma anapokaa na kutulia anapolala, ni maji ya uti yanayovuja pale sindano ilipopita. August Bier, Mjerumani aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898, alijaribiwa mwenyewe akaumwa hivyo hivyo. Siku hizi sindano ni nyembamba, na wazee hawapati sana kama vijana. Kikimpata, anywe maji, apewe dawa ya maumivu, na daktari wa usingizi aambiwe siku hiyo hiyo.