Maswali ya Wasomaji: Jiko na bafu jipya nyuma ya nyumba ya mawe

SWALI: Assalaam aleikum. Tuna nyumba ya mawe ya ghorofa moja huku Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa. Ukuta wa nyuma una unene wa kama nusu mita, na dari ni za boriti. Twataka kujenga uani jiko chini na bafu juu, mita 3 kwa 4. Fundi asema atatoboa ukuta wa zamani, atie nondo, kisha amwage slabu ishikane nao. Ati ndiyo itakuwa imara. Mwasemaje? *Bi. wa Kuze*

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Mwambie fundi asitoboe.

Ukuta wenu ni wa matumbawe na chokaa. Nyuso mbili za nje zimepangwa, lakini katikati mara nyingi mna vipande vidogo na udongo tu. Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa karibu kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo yenu itapita tani 4. Upande mmoja ukilala ukutani, mwautwika ukuta huo tani 2 hivi, tena juu ya msingi ambao hakuna aliyeupima. Isitoshe, jengo jipya lazima litue kidogo, na la zamani lilishatua zamani. Yakifungwa pamoja kwa nondo, jipya litavuta mawe ya mwenziwe. Ufa huanzia juu ya dirisha lililo karibu. Baadaye chumvi ya hewa ya bahari huifikia nondo, nayo ikishika kutu hufura na kupasua jiwe kutoka ndani.

Jenga jengo linalosimama kwa nguzo zake. Kwanza chimba shimo moja dogo kando ya ukuta, uone msingi wa zamani unaishia wapi. Nguzo za upande huo zikae kama mita moja kutoka ukutani, na slabu ijitokeze kuufuata. Ukubwa wa nondo apige hesabu mhandisi, si fundi kwa macho. Ikibidi kuchimba chini ya kina cha msingi wa zamani, usifungue mtaro mzima. Chimba kipande cha urefu wa mita moja, mwaga zege, acha likauke, ndipo uende kipande kingine kisichopakana nacho. Wakati wa mvua za mwaka (masika) kazi hiyo iahirisheni.

Kati ya slabu na ukuta acha nafasi ya milimita 25 hadi 50, uijaze povu jeupe gumu, lile linalofungiwa televisheni. Hapo juu ndipo kazi nyingi huharibika, maana maji yakiingia hakuna ayaonaye mpaka ukuta umelowa. Paa jipya limwage maji mbali na ukuta wa zamani. Funika nafasi kwa bati la stenlesi lililopanda ukutani angalau sentimita 15, ncha yake ikiingia kwenye kiungo cha chokaa (kiungo, si jiwe lenyewe) na kuzibwa kwa chokaa. Upande wa chini lilalie jengo jipya bila kupigiliwa, ili lipate kuteleza. Mabati ya kawaida hewa ya bahari huyala upesi.

Zege lisichanganywe kwa mchanga wa pwani wala maji ya kisima chenye chumvi. Nondo zikae ndani angalau sentimita 4, na biskuti za zege (vipande vidogo vya kuitenga nondo na mbao) ziwekwe kila mahali, hata kwenye nguzo, ambako mafundi wengi huzisahau. Mabomba ya bafu yapite kuta mpya tu.

Mlango wa kuunganisha tafuta palipo na dirisha. Ukishusha dirisha hadi sakafuni, kizingiti cha juu kinabaki kama kilivyo. Fanya kazi kwa tindo na nyundo. Mashine ya kubomolea hutikisa na kumwaga vile vipande vya katikati.

Vibali navyo visingoje. Anzeni na ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa, kisha idara ya mipango ya kaunti. Nyumba ikiwa ya wakfu, idhini ya Makamishna wa Wakfu itangulie, la sivyo michoro ni hasara tupu.

SWALI: Ukuta wa chini tuliupiga plasta ya simiti, sasa rangi yavimba na unga mweupe watoka. Tupige tena nzito zaidi? *Msomaji, Kibokoni*

JIBU: Hapana. Unga huo ni chumvi. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ulikuwa ukitokea kwenye chokaa. Simiti imeuzibia njia, kwa hiyo unapanda juu zaidi. Bandueni simiti hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, mfagie chumvi kwa brashi kavu (msioshe, maji huirudisha ndani), mwache ukuta upumue miezi kadhaa ya kiangazi. Kisha plasta ya chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3, mikono miwili au mitatu, kila mmoja usizidi milimita 12. Chokaa cha mfuko kiloweke angalau siku nzima kabla ya kuchanganya. Tundikeni magunia mabichi siku chache jua lisikikaushe haraka, maana kikikauka upesi hubaki vumbi. Mwisho pakeni chokaa, si rangi ya plastiki.