Kitanzi cha miaka mingi na bakteria wa Actinomyces
Dada uliyeuliza kama utoe kitanzi (kifaa cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi) kwa sababu majibu ya Pap, kipimo cha mlango wa kizazi, yameandikwa "Actinomyces": kama huna maumivu, homa wala uchafu usio wa kawaida, usikimbilie kukitoa wala kumeza dawa. Bakteria hao huishi mdomoni, kwenye utumbo na hata ukeni bila kumsumbua mtu. Kuonekana kwenye kipimo peke yake si ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe, aktinomaikosisi ya nyonga, ni nadra sana. Wengi wanaoupata wamekaa na kitanzi miaka mingi, wengine hadi muda wake umepita (cha shaba cha T 380A ni miaka 10, hebu angalia kadi yako ya kliniki). Unakuja polepole: tumbo la chini linauma, homa inakuja na kuondoka, mwili unakonda. Ubaya wake unajenga uvimbe mgumu unaoshikamana na utumbo na kibofu, daktari akiuona kwenye ultrasaundi anawaza saratani ya ovari. Kuna wanawake wamepasuliwa kwa hofu hiyo, maabara ikaja kukuta vichembe vya njano vya bakteria. Tiba ni penisilini ya miezi kadhaa, si dozi ya siku saba, na kitanzi kinatolewa.

Kwa hiyo ukianza kuumwa, nenda hospitali na useme mapema kitanzi ulikiweka mwaka gani. Wengi hawakitaji kabisa, wameshakisahau.